Mwamuzi, kwanza tuambie ulichosikia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimsemee binti wa kidato cha pili aliyeshika nafasi ya nne katika mashindano ya hotuba hapa Jinja, Uganda, wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani. Sitamtaja jina wala shule yake, wala walioandaa shughuli, na langu pia nakuomba ulihifadhi. Mji wetu ni mdogo na mtoto bado anasoma. Nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu. Alama zangu zimo ndani ya ile nafasi ya nne, ndiyo maana kunyamaza kumenishinda.

Nijieleze kidogo, ili msomaji ajue napima kwa mizani gani. Nimezaliwa na kukulia Walukuba, kwenye zile nyumba za manispaa walimokaa wafanyakazi wa viwandani. Marehemu baba alikuwa kiwanda cha nguo. Jirani wa kushoto Wajaluo, wa kulia Wanubi, mkabala nasi Wateso. Watoto tulikutana bombani, na bombani kulikuwa na lugha moja. Baadaye nikawa karani wa mahakama, na kwa miaka 26 kazi yangu kubwa ilikuwa ukalimani: Kiswahili, Kiganda na Kisoga kwenda Kiingereza, kisha kurudi. Ibara ya 28 ya Katiba yetu inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Sikio la mkalimani likikosea, mtu anaweza kwenda jela. Kwa hiyo nililitunza sikio langu kama fundi anavyotunza timazi.

Mkalimani hasikilizi kama watu wengine. Shahidi anasema sentensi mbili tatu, unamzuia kwa kiganja, unazibeba, unazitua mbele ya hakimu, naye anaandika kwa mkono wake. Asiyesema kitu unamjua papo hapo: unafungua kinywa, huna cha kutua. Nimewahi kumsikia wakili akizungumza karibu nusu saa, sauti nzuri, koti zuri, na alipokaa mshtakiwa akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, amesema nini?" Nikatafuta kichwani, nikapata sentensi moja. Nimemsikia pia mvuvi mmoja aliyeulizwa aeleze usiku alioibiwa. Akasema: "Nilisikia mlango. Mtu sikumwona. Niliona tochi. Tochi ile ilikuwa yangu mimi." Hakimu aliinua kalamu akamtazama. Zile sentensi nne zilivuka kwenda Kiingereza bila kudondosha hata tone, na leo ni zaidi ya miaka kumi na bado ninazo.

Sasa turudi ukumbini. Paa la mabati, dari hakuna. Wasemaji 12, dakika tano kila mmoja, mada moja kwa wote: Kiswahili na ujirani wa Afrika Mashariki. Mada ya namna hiyo inamvuta mtoto aseme yale aliyokwisha kuyasikia, kwamba lugha ni daraja, lugha ni umoja, tuienzi lugha yetu. Na wakayasema, wengine kwa sauti nzuri kweli. Wa saba kupanda alikuwa binti huyu.

Alishika karatasi iliyokunjwa mara mbili, inatetemeka hata kona yake ikawa inagonga kipaza sauti, tap, tap. Akaitazama ile karatasi, akaipeleka nyuma ya mgongo. Akasema: "Jaja yangu anauza samaki mwenye majina matatu." (Jaja kwetu ndiyo bibi.)

Mhariri, watu waligeuka. Kina mama waliokuwa wakigawa soda pale nyuma waliacha. Binti akaeleza kwamba pale mwalo wa Masese sisi tunamwita mukene. Mkenya akija kununua anamwita omena. Mtanzania anamwita dagaa. Samaki ni yule yule, mdogo kama kidole cha mtoto, anaanikwa juani, anapimwa kwa beseni. Majina yote matatu jaja aliyajua. Kilichomshinda ni hesabu. Siku moja mnunuzi kutoka upande wa pili wa Busia alitaja bei ya beseni, thelathini elfu. Jaja akasikia themanini. Akakubali. Samaki wakamiminwa kwenye gunia, gunia likafungwa kamba, mnunuzi akahesabu noti tatu za elfu kumi kumi. "Jaja akabaki amenyosha mkono," akasema binti, naye akanyosha wa kwake, "anangoja noti tano nyingine."

Hapo ndipo mvua ilipoanguka juu ya mabati. Mvua ya ziwani, wenyeji mnaijua, haifuati msimu wala haibishi hodi. Hakuna ambaye angesikika. Binti alishusha kipaza sauti, lakini mkono hakuushusha. Alisimama vile vile, kiganja juu, macho kwetu, karibu dakika nzima. Mwenyekiti wa waamuzi akaniinamia sikioni akasema, "Amesahau." Mvua ilipopungua, ikawa inachuruzika tu kwenye kingo za paa, binti akainua kipaza sauti na kutamka neno moja: "Hazikuja."

Ukumbi uliguna kwa pamoja. Mguno ule siwezi kuutafsiri, nami nimetafsiri maisha yangu yote.

Aliendelea kueleza jinsi jaja alivyomwita kila usiku baada ya chakula, wakamwaga punje za mahindi kwenye ungo, wakahesabu Kiswahili mpaka mia, wakarudia. Mwisho wake ulikuwa dhaifu. Aliitoa karatasi, akasoma mistari miwili kwa haraka, akasema "ni hayo tu, asanteni," akakimbilia kiti chake.

Fomu tuliyopewa ilikuwa ya alama 100. Arobaini za matamshi na sarufi, ishirini za methali na misemo, ishirini za ujasiri na mtiririko, kumi za muda, kumi za mavazi. Nimeigeuza mbele na nyuma, sikuona mstari unaouliza kama watu walielewa alichosema msemaji, au alisema nini. Binti akakatwa alama za matamshi. Akakatwa za methali kwa kuwa hakutumia hata moja. Akakatwa za muda kwa kuwa saa haikusimamishwa kwa ajili ya mvua. Akakatwa za mtiririko kwa kuwa eti alisita. Na mimi nilikata. Katika fomu yangu nimeandika kwa mwandiko wangu, "alinyamaza muda mrefu". Pembeni, katika daftari ninalolibeba tangu siku za mahakamani, nimeandika "mkono", nikalipigia mstari mara mbili. Nilikuwa nimeona, nikajaza fomu kama ambaye hakuona. Hilo ndilo linaloniuma.

Kisha mwenyekiti akapanda kutoa maoni mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wote. Alipofika kwa binti alisema, na maneno haya ninayo kwenye daftari: "Wa saba anasema selasini, semanini, abali. Kiswahili cha sokoni kibaki sokoni." Baadhi wakacheka. Nilikuwa namwona binti kwa ubavu. Ile karatasi aliikunja tena na tena, mpaka haikukunjika, akaiingiza ndani ya soksi.

Wasomaji wasioishi huku labda hawajui hii "selasini" inatoka wapi. Kiganda hakina sauti ya th. Hakina h ya asili. Nazo l na r katika Kiganda ni kama ndugu wanaogawana zamu: r inakuja baada ya e na i, kwingine kote ni l. Mtoto wa Kiganda anayesema "abali" badala ya "habari" amefuata kanuni ya lugha ya mama yake bila kukosea hata kidogo. Kwa Kiswahili ni kosa, nami nakubali ni kosa, tena lafaa kusahihishwa, hasa kwa mtu anayetaja bei za samaki. Lakini linasahihishwa kwa dakika kumi na kioo. Kile alichokifanya binti wakati wa mvua hakifundishwi hata kwa mwaka.

Na tukumbuke anasimama mbele ya nani. Kiswahili hapa Uganda kimebeba mzigo mzito. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini watu wa rika langu wengi walikisikia kutoka kinywani mwa askari, kwenye kizuizi cha barabarani, na mpaka leo wapo wanaokiita lugha ya askari na majambazi. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ukakifanya cha lazima kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kianze kutumika kama lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima kuanzia shule za msingi. Binti huyu ni mtoto wa mtaala huo. Katika ukoo wao ndiye wa kwanza kusimama jukwaani na kukisema bila hofu, tena akimwelezea bibi yake aliyedhulumika kwa kutokijua. Sisi wakubwa tukamwambia akirudishe sokoni.

Baada ya shughuli nilimfuata mwenyekiti. Ni mtu mzima, msomi, namheshimu, na sikutaka kumwaibisha kama alivyomwaibisha mtoto. Nikamwambia, "Mwalimu, ungeanza kwa alichofanya vizuri." Akanijibu, "Dada, mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Nimeufikiria msemo huo wiki nzima. Mgema wa methali ana wateja tayari; amekwisha kujua tembo lake linapendwa. Binti wa miaka kumi na tano hajui. Alipokaa kwenye kiti chake hakujua kama ule mguno wa watu ulikuwa wa kumwelewa au wa kumdharau. Kumwambia kwamba "neno lako moja baada ya mvua lilifika mpaka kwa wagawa soda" ni kumpa taarifa ambayo yeye mwenyewe hawezi kuipata, kwa sababu msemaji hajisikii. Sifa ni kitu kingine. "Umejitahidi sana, hongera, endelea hivyo hivyo" ndiyo sifa, na hiyo nakubali haimsaidii mtu. Aendelee vipi, na nini?

Mpwa wangu anayefanya kazi Kampala aliwahi kunipeleka jioni moja kwenye klabu ya Toastmasters. Ni chama alichokianzisha Ralph Smedley huko California mwaka 1924 kwa ajili ya watu wanaojifunza kuhutubia, na sasa klabu zake ziko nchi nyingi. Mambo yao ni ya Kiingereza, lakini utaratibu niliutazama kwa jicho la kazi. Hotuba ya kawaida ni dakika tano hadi saba: inawaka rangi ya kijani dakika ya tano, njano ya sita, nyekundu ya saba. Mtu mmoja kazi yake ni kuhesabu "aa" na "eem" (kwa Kiswahili angehesabu "yaani" na "nini hii" mpaka kalamu iishe wino). Kila msemaji ana mtathmini wake, ambaye naye anasimama dakika mbili au tatu tu kueleza alichoona. Kilichonivutia zaidi kilikuja mwishoni: akasimama mwingine akawatathmini wale watathmini. Nilitamani tungekuwa na huyo hapa Jinja.

Kuna kitu sikukipenda, nacho nakisema. Wengi wao walikuwa na mtindo wa sifa moja, kosa moja, sifa nyingine juu yake. Ukishausikia mara ya pili, ile sifa ya kwanza inakuwa kama mtu anayekupangusa mkono kabla ya sindano. Niliwaona wasemaji wakiinamisha kichwa wakati wa sifa, wanangoja kosa.

Mimi ningeanza na swali la yule mshtakiwa: amesema nini? Mwamuzi aseme kwa sentensi moja alichokisikia, kabla ya alama, kabla ya sifa, kabla ya kosa. Akishindwa, kuna mawili: ama msemaji hakusema kitu, ama mwamuzi alikuwa anahesabu makosa ya th. Vyote viwili ni vizuri kujulikana mapema. Nimelijaribu swali hili kwa hotuba zote 12 nikiwa na daftari langu mezani nyumbani. Za wasemaji watano nilipata sentensi. Ya mshindi sikuipata, na simlaumu kijana. Ana sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na kama angeambiwa ukweli huo siku ile, mwakani angekuja na jambo la kuitilia. Alipewa kikombe akaenda nacho nyumbani. Naye hatukumtendea haki.

Swali hilo hilo tuliulize hata kwenye mikutano ya kisiasa. Watu wanarudi wamepanda lori, "mheshimiwa ameongea!" Ameongea nini? Kimya.

Jumamosi iliyofuata nilimwita binti barazani kwangu. Alikuja na dada yake, wakaketi kwenye mkeka, hataki kunitazama. Nikamwambia: "Wewe ulisema kwamba jaja yako alidhulumiwa na neno moja, na wewe ukampa hilo neno. Ndivyo nilivyosikia. Nimekosea?" Akatikisa kichwa. Nikamweleza dakika ile ya mvua, kwamba mkono ule ulizungumza wakati yeye hakuweza, na kwamba nilikata alama kwa ajili yake na nilikosea. Akauliza, "Kwa hiyo sikusahau?" Mhariri, mtoto alikuwa ameshaamini kwamba alisahau. Wiki moja ilitosha.

Kisha tukafanya kazi. Nilimwambia mambo mawili tu, maana mtu habebi kumi kwa safari moja. La kwanza, thelathini na themanini alizitaja kwa pumzi moja na sauti moja, wa nyuma hawakuzitenganisha, wakati hadithi nzima imesimama juu ya tofauti ya maneno hayo. Azitenge. Aseme moja, anyamaze, aonyeshe vidole vitatu. Aseme ya pili, avionyeshe vinane. Na hapo ndipo tulipoingia kwenye th, kwa sababu sasa alikuwa na sababu ya kuitaka. Nililetewa kioo cha mkononi. Ncha ya ulimi kati ya meno, pumzi ipite taratibu. Mara ya kwanza dada yake alicheka, mara ya tano wote wawili walikuwa wanaishindania. La pili ni mwisho wake. Nilimwambia "ni hayo tu" ni kama kumpikia mgeni chakula kizuri halafu kumwondolea kiti kabla hajamaliza. Zile punje za mahindi kwenye ungo ndizo mwisho. Asimame hapo, anyamaze, aende akae. Karatasi aiache nyumbani.

Kwa waandaaji nina ombi moja kabla ya tarehe 7 Julai ijayo. Waongeze mstari mmoja juu kabisa ya fomu, kabla ya matamshi: "Msemaji amesema nini?" Uachiwe nafasi ya sentensi moja, na mwamuzi asiyeujaza asiruhusiwe kutoa alama. Saa isimamishwe mvua ikinyesha. Makosa ya matamshi msemaji aelezwe pembeni, na mtu mmoja, bila kipaza sauti. Fomu yangu ya siku ile ninayo nakala yake, niko tayari kuipeleka na kuionyesha nilipokosea.

Jumamosi iliyopita binti alirudi, safari hii na jaja yake, ambaye alikuwa hajawahi kuisikia hotuba yenyewe. Alibeba mukene kwenye mfuko, akauweka mlangoni, akaketi juu ya kigoda mbele kabisa. Mjukuu akasimama uani bila karatasi. Alipofika pale pa mkono akaunyosha, akanyamaza, nami nikawa nahesabu kimoyomoyo kama aweza kuushikilia ukimya bila mvua. Aliushikilia. Kabla hajasema "hazikuja", jaja aliinua kichwa, akautazama ule mkono mtupu wa mjukuu wake, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Bado tano."

Mkalimani mstaafu,
Walukuba, Jinja